Shika Timu, Mwenyewe Anakuja

*Kocha mzawa huitwa nyumba ikiwaka moto, moto ukizimika anasogezwa pembeni. Mhariri wetu alikwenda Korogwe na Handeni akiwa na ugomvi wa nyumbani kwake, akarudi na habari za Charles Boniface Mkwasa, "Master".*

Msomaji wangu, hivi umewahi kukaimu? Simaanishi kumshikia mwenzako simu akienda kula. Namaanisha kukalia kiti chenyewe, kusaini karatasi zenyewe na kulaumiwa lawama zenyewe, halafu kila barua inayotoka na jina lako inaanza na lile neno dogo la herufi tano: Kaimu.

Mimi nimekaimu. Miezi 14, kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja kwa sababu nina adabu zangu. Mwezi wa kumi na tano akaletwa bosi mwenyewe. Nikamwonyesha choo kilipo, nikamfundisha na namna ya kuipiga kofi mashine ya kahawa ili ifanye kazi, kisha nikarudi kwenye meza yangu ya zamani karibu na mlango. Sikusema kitu. Ila tangu siku ile neno hilo nikilisikia, tumbo linanisokota.

Sasa mwezi uliopita mume wangu karudi nyumbani na bahasha. Kaimu Meneja, "hadi hapo atakapopatikana mhusika". Yeye anachekelea, mimi nimenuna. Nikamwambia asikubali, watamtumia kisha wamrudishe alikotoka. Akasema anakubali, mtu hakatai kazi. Nikamwambia hiyo si kazi, huo ni ulinzi wa kiti. Wanandoa mnajua mwisho wa maneno kama haya: tulilala mgongo kwa mgongo siku mbili, na siku ya tatu mimi nikapanda basi kwenda Korogwe kwenye hitma ya bibi yangu. Safari ilikuwa imepangwa siku nyingi, lakini nakiri kwamba niliifurahia kidogo.

Mjomba hadanganywi

Korogwe unaijua hata kama hujawahi kulala pale. Ukipanda basi la Moshi au Arusha utapita tu: mkonge umejipanga mistari kama wanafunzi asubuhi, Mto Pangani upo chini, Milima ya Usambara imeinamia mji, na kwenye kituo watu wanakula wali kwa haraka huku dereva anapiga honi. Mama yangu kazaliwa huku. Nikishuka pale huwa nasikia Kiswahili changu kinabadilika chenyewe.

Baada ya hitma nilikaa barazani na mjomba wangu, kaka yake mama. Ana miaka 60 na ushee. Ujanani alikuwa kibarua wa mkonge, na jioni alikuwa kiungo wa timu ya shambani. Siku hizi anaishi Handeni, pale Chanika, na anafundisha vijana wa mtaani mpira bila kulipwa senti.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mumeo mbona hukuja naye?"

Kwetu Wazigua mjomba ni mtu mzito, hadanganywi. Ndani ya dakika kumi alikuwa keshapata habari yote ya bahasha, ya ulinzi wa kiti na ya migongo. Akacheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo wewe unaona kukaimu ni tusi," akasema. "Sisi watu wa mpira tungesema hivyo, Tanzania isingekuwa na makocha. Unamjua Master?"

Master namjua. Charles Boniface Mkwasa, kiungo wa Yanga na Taifa Stars wa miaka ya 1980, baadaye kocha. Mjomba hakuwahi kumwona akicheza kwa macho. "Nilimwona kwa masikio," anasema, maana Redio Tanzania ndiyo iliyokuwa uwanja wao kule shambani. Lakini anamzungumzia kama mtu waliyekula naye sahani moja.

"Kwanza alikuwa kiungo," mjomba akaanza, "na kiungo ni mtu gani?"

Swali zuri hilo. Kwa Kiswahili chetu kiungo ni kinachounganisha mkono na bega, na kiungo pia ni kile unachotia kwenye mchuzi. Ukikisahau hakuna anayejua jina la kilichokosekana, lakini kila mtu mezani anajua kuna kitu hakipo. Uwanjani ni vile vile. Straika akifunga anabebwa juu juu. Kipa akidaka penalti anatungiwa nyimbo. Kiungo anapokonya mpira, anampa mwenye jina, basi, anarudi nyuma kutafuta mwingine. Mfaransa Eric Cantona aliwahi kumwita mwenzake Didier Deschamps "mbeba maji", na hakuwa anamsifu. Mbeba maji huyo akanyanyua Kombe la Dunia mwaka 1998 akiwa nahodha, na mwaka 2018 akalichukua tena akiwa kocha. Pep Guardiola alikuwa kiungo. Carlo Ancelotti alikuwa kiungo. Mtu wa katikati analazimika kugeuza shingo pande zote kila sekunde. Akiizoea hiyo kwa miaka kumi, akizeeka miguu, macho yanabaki.

Wa hapa hapa kwanza

Lakini huwezi kukaa Korogwe ukaanza na Master moja kwa moja. Mjomba alinikatiza: "Anza na wa hapa hapa." Alimaanisha Joel Nkaya Bendera.

Kama umezaliwa juzi, Bendera ni mtoto wa Korogwe na ni mwalimu wa mpira ambaye jina lake limefungamana na Taifa Stars iliyoitoa Zambia mwaka 1979. Dar es Salaam tulishinda 1-0. Ndola ikawa 1-1, Peter Tino akafunga bao ambalo wazee mpaka leo wanalisimulia wakiwa wamesimama. Tanzania ikafuzu Fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza katika historia yake. Machi 1980 timu ikaenda Lagos. Ikafungwa 3-1 na wenyeji Nigeria, ikafungwa 2-1 na Misri, ikatoka 1-1 na Ivory Coast.

Sasa fungua kumbukumbu za mashindano yale uangalie nafasi ya kocha mkuu. Utakuta Slawomir Wolk, raia wa Poland. Bendera yuko pembeni yake, msaidizi.

Mjomba alilisema hili bila uchungu wowote, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Mimi ndiye niliyekasirika. Akaniuliza: "Hilo jina la Mpolandi ulikuwa unalijua?" Nikasema hapana. "Na la Bendera?" Nalijua tangu nikiwa mdogo. Akanyamaza, akaendelea kuchokoa meno.

Tulikaa miaka 39 bila kurudi kwenye fainali zile, mpaka Emmanuel Amunike, Mnigeria, alipotufikisha tena mwaka 2019. Bendera hakuiona siku hiyo. Alikuwa amepita njia nyingine kabisa: ubunge wa Korogwe Mjini kuanzia 2005 hadi 2010, unaibu waziri kwenye wizara iliyokuwa na michezo ndani yake, ukuu wa mkoa wa Morogoro na kisha Manyara. Alifariki Desemba 2017.

Tulipokuwa tunachumbiana

Tumrudie Master. Mwaka 2010, wakati wanaume wengi wenye jina walikuwa wanakwepa soka la wanawake, Mkwasa ndiye aliyeipeleka Twiga Stars kwenye fainali za Afrika nchini Afrika Kusini. Hatukuwahi kufika huko. Walifungwa mechi zote tatu: 2-1 na wenyeji, 3-2 na Mali, 3-0 na Nigeria. Yaangalie tena hayo matokeo mawili ya kwanza. Goli moja moja tu, na nahodha Sophia Mwasikili na wenzake walikuwa wanatoka kwenye nchi ambayo ligi ya wanawake ilikuwa bado ndoto.

Kisha akawa msaidizi wa Mholanzi Hans van der Pluijm pale Yanga. Mwaka 2014 wakaondoka wote wawili kwenda klabu ya Al-Shoulla, Saudi Arabia, wakarudi wote wawili, na msimu wa 2014/15 Yanga ikachukua ubingwa. Nimeona ndoa za kanisani zisizo na mshikamano huo.

Juni 2015 Stars ikachapwa 3-0 na Uganda, tena Zanzibar, nyumbani kwetu. Kocha alikuwa Mholanzi mwingine, Mart Nooij. Akaondolewa. Moto unawaka, nani azime? Wakamwita Master, awali kwa muda tu, na baadaye mwaka huo huo ndipo akapewa mkataba wa kueleweka. Wiki mbili baada ya kipigo kile timu ile ile ikaenda Kampala ikatoka 1-1. Septemba Nigeria wakaja Dar es Salaam, wakaondoka na 0-0. Oktoba tukaitoa Malawi kwenye mbio za Kombe la Dunia. Halafu ikaja Algeria.

Hapa mjomba akaniachia nisimulie mimi, maana nilikuwepo. Novemba 14, 2015, Uwanja wa Taifa, ambao siku hizi unaitwa Benjamin Mkapa. Huyu mume wangu ndiyo kwanza tulikuwa tunachumbiana, na hiyo ilikuwa "out" yetu ya tatu au ya nne. Nilivaa viatu vya kisigino uwanjani, msinicheke, nilikuwa nampendezesha mtu. Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu walikuwa wametoka kutwaa Ligi ya Mabingwa Afrika na TP Mazembe siku sita tu kabla. Elias Maguri akafunga la kwanza. Kipindi cha pili Samatta akafunga la pili. Mbili bila, dhidi ya Algeria! Nilikumbatiwa na watu watano nisiowajua na mmoja ninayemjua.

Kisha Islam Slimani akafunga, na dakika chache baadaye akafunga tena. 2-2. Mchumba wangu hakusema neno mpaka tulipofika Ubungo. Pale akasema, "Lakini umeona katikati tulivyocheza?" Mimi nilikuwa nimeona visigino vyangu tu. Siku tatu baadaye kule Blida wakatupiga 7-0. Tuliangalia kwenye baa moja Sinza, bao la nne nikaomba kurudishwa nyumbani.

Ninachotaka ukione, msomaji, ni kilichofuata. Mtu aliyefungwa saba hakujificha. Januari 2016 Mkwasa akafanya uamuzi ambao mtu anayejiona wa kupita tu asingeuthubutu: alimpa Samatta unahodha wa Stars, uliokuwa kwa Nadir Haroub "Cannavaro" wa Yanga, mchezaji mwenye heshima zake na mashabiki wake. Cannavaro aliumia, akatangaza kustaafu timu ya taifa. Magazeti yalijaa wiki nzima. Mimi nadhani Cannavaro alikuwa na haki ya kuumia, na nadhani pia uamuzi ulikuwa sahihi. Samatta alikuwa ametangazwa mwezi huo huo kuwa Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Machi alikwenda N'Djamena na kitambaa mkononi, akafunga bao pekee tulipoishinda Chad.

Haikuisha vizuri sana. Juni 2016 Mohamed Salah akatufunga mawili Dar es Salaam, ndoto ya kwenda Gabon ikafa. Januari 2017 Mkwasa na Stars wakaachana, mzawa mwingine, Salum Mayanga, akaingia.

Mjomba alisubiri nimalize, akaniuliza: "Kwenye hiyo miezi yote, kuna siku ulimwona anafundisha kama mtu anayeshikia?"

Kiti cha pembeni

Hadithi ya mwaka 2019 ndiyo ninayotaka mume wangu aisome vizuri, maana inanipa haki mimi. Mkwasa alikuwa ameshapita hata ofisini, akawa katibu mkuu wa Yanga kuanzia 2017. Novemba 2019 Yanga ikamfukuza Mkongo Mwinyi Zahera. Nani ashike? Si unajua tena.

Akashika. Januari 4, 2020 Yanga ikakutana na Simba, Simba ile iliyokuwa inatisha kila mtu. Simba wakatangulia mbili. Nusu ya nchi ikaanza kutuma vikatuni kwenye WhatsApp. Balama Mapinduzi akarudisha moja kwa shuti la mbali, Mohamed Issa "Banka" akasawazisha kwa kichwa. 2-2. Kwa wana Yanga ile sare ililiwa kama ushindi.

Siku chache baadaye akatangazwa kocha mkuu mpya, Luc Eymael kutoka Ubelgiji. Mkwasa akasogea kiti cha pembeni. Machi 8 Yanga ikamfunga Simba 1-0 kwa faulo ya Bernard Morrison, na kwenye benchi kuu alikuwa Mbelgiji. Julai Eymael akafukuzwa kwa maneno ya kuwadhalilisha mashabiki, maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye gazeti linalosomwa na wachumba. Mkwasa naye akaenda Ruvu Shooting.

"Unaona?" nikamwambia mjomba. "Ndicho ninachosema. Anazima moto, anakuja mwingine anaota."

"Naona," akasema mjomba. "Na nani alikaa pembeni yake Stars mwaka 2015?"

Hilo nililazimika kulikumbuka. Msaidizi wa Mkwasa pale Stars alikuwa Hemed Suleiman "Morocco". Januari 2024, kwenye fainali za Afrika kule Ivory Coast, kocha Adel Amrouche akafungiwa katikati ya mashindano, Hemed akaambiwa ashike. Akatoka sare na Zambia, akatoka sare na DR Congo. Novemba 2024 akiwa bado kwenye kiti Stars ikaifunga Guinea 1-0, bao la Simon Msuva, tukafuzu tena. Miezi kumi na mbili baadaye, fainali zenyewe zikiwa mlangoni, akaondolewa. Aliyeingia ni Miguel Gamondi wa Argentina, na chekesho ni kwamba hata yeye alipewa timu kwa jina la kaimu. Gamondi akaifikisha Stars hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza. Sasa hesabu ya nani kafanya nini hapo nawaachia nyinyi na vijiwe vyenu vya kahawa.

Na kuna Selemani Matola. Kiungo, nahodha wa Simba ile iliyomvua Zamalek ubingwa wa Afrika kwa penalti Cairo mwaka 2003. Aliingia benchi la Simba kama msaidizi Desemba 2019. Sven Vandenbroeck, Didier Gomes, Pablo Franco, Robertinho, Benchikha, wote walikuja na masanduku yao wakaondoka nayo. Kila pengo likitokea watu wanageuka kumwangalia Matola.

Nyumba yenye barua mbili

Gazeti letu ni la mahusiano, kwa hiyo siwezi kupita hapa bila kumtaja mke wa Master. Betty Mkwasa wengi tulimjua kwanza kama mtangazaji, kisha wakati wa Rais Kikwete akawa Mkuu wa Wilaya ya Bahi, Dodoma. Fikiria hiyo nyumba. Mmoja kateuliwa na Rais, mwingine kateuliwa na kamati ya utendaji. Bahi iko upande ule, timu ziko Dar. Na kazi zote mbili ni za aina moja: unaweza kuamka asubuhi ukasikia kwenye redio kwamba uliyekuwa siye tena.

Sijawahi kukaa sebuleni kwao, kwa hiyo sitakuambia wanaongea nini. Lakini wenzi wengi ninaowajua mimi mmoja wao ana kazi ya kuaminika ili mwingine aweze kubahatisha. Kwenye nyumba ya namna ile hakuna wa kumwambia mwenzake "ningekuwa mimi nisingekubali". Wote walikubali.

Hilo lilinikaa kichwani usiku kucha. Mimi nilimwambia mume wangu asikubali kwa sababu ya bosi wangu mimi, mashine yangu mimi ya kahawa. Yeye hata hajawahi kuiona.

Mipira chini ya kitanda

Kesho yake mjomba akasema twende wote Handeni, nikawasalimie. Kutoka Korogwe mpaka Chanika ni kilomita 65 za lami. Tukapanda Noah, tukabanwa nyuma pamoja na ndoo ya samaki na mwalimu mmoja wa sekondari. Njiani milima inabaki nyuma, nchi inakuwa pori kavu na mahindi, na mjomba akanisimulia habari yake mwenyewe, ambayo siku nzima alikuwa ameificha nyuma ya Master.

Miaka mitatu iliyopita viongozi wa timu yao ya mtaani walimwita. Kocha alikuwa amehamia Tanga mjini. Wakamwambia, "Mzee, shika timu, mwenyewe anakuja." Mwenyewe ni kijana mwenye leseni ya ukocha, maana siku hizi bila cheti hata ligi ya wilaya inakuwa tabu kukaa benchi. Mjomba hana cheti. Ana magoti mabovu na filimbi. Akashika. Kila msimu anauliza, wanamwambia anakuja.

"Na atakuja?" nikauliza.

"Anakuja leo," akasema, akiangalia dirishani. "Alasiri."

Nilinyamaza. Yule mwalimu wa sekondari naye akanyamaza, na alikuwa ameongea tangu Korogwe.

Mke wa mjomba alitupokea na ugali na mlenda, lakini uso wake ulikuwa na kesi. Miaka mitatu mipira inalala chini ya kitanda chake. Bips anafua yeye. Vijana wakikosa nauli ya mechi ya Mkata wanakuja kusimama mlangoni kwake, hawaendi kwa viongozi. "Na leo anakuja bwana mdogo na makaratasi yake," akaniambia tukiwa jikoni, "mjomba wako anampigia pasi shati la kumpokelea. Anti, mimi nimemwambia asiende uwanjani. Aache viongozi wamkabidhi wenyewe. Hasikii."

Nilimuuliza kama wamegombana. Akasema watu waliooana miaka 38 hawagombani, wananyamaziana.

Saa kumi tukaenda uwanjani, yaani ule uwazi wenye magoli ya miti nyuma ya nyumba. Mke wa mjomba alisema haji. Mjomba alikuwa na shati lake la pasi na daftari la shule kwapani. Nililiomba nikalifungua. Majina 23 kwa mwandiko wa kalamu nyekundu, na mbele ya kila jina maneno machache. Huyu kifundo cha kushoto, asicheze siku mbili mfululizo. Huyu anaishi na bibi yake, umuulize kama amekula. Huyu usimgombeze mbele za watu. Huyu ni kiungo ila anajiona straika, mvumilie mpaka Desemba.

Kijana mwenye leseni alishuka kwenye bodaboda, mkoba mgongoni, umri kama wa mdogo wangu wa mwisho. Aliamkia vizuri, hilo nitampa. Mjomba akamkabidhi daftari, akaanza kumsomea ukurasa wa kwanza. Kijana akawa anasikiliza, baada ya majina matatu akatoa kalamu yake, akaanza kuandika pembeni.

Simu yangu ikatetemeka. Mume wangu: "Nimesaini. Nimewaambia waandike miezi sita na posho yake, wameandika. Unarudi lini?"

Nilikuwa bado natafuta la kumjibu nilipomwona mke wa mjomba anakuja kutoka upande wa nyumba, kajifunga kanga kiunoni, anaburuta wavu wa mipira. Akaupeleka moja kwa moja mpaka kwa yule kijana, akaufungua, akaanza kuhesabu kwa sauti, mmoja mmoja, mpaka kumi na moja.

"Umehesabu?" akamuuliza.

"Nimehesabu, mama."

"Haya. Wewe unalala wapi?"